Kondoo niliwataka mimi, sasa nataka waondoke

Mshauri, shikamoo.

Nina miaka 34, nimeolewa miaka tisa sasa, tuna watoto wawili, wa miaka minane na mitano, na nina mimba ya miezi minne. Kinachonikosesha usingizi ni kondoo. Najua wapo watakaocheka, lakini naomba usome hadi mwisho.

Miaka minne iliyopita mimi ndiye niliyemshawishi mume wangu tuache nyumba ya kupanga, yeye aache kazi yake ya ofisini, tuhamie kwenye shamba dogo tule tunachozalisha wenyewe. Bustani, kuku, mizinga michache ya nyuki na kondoo wa maziwa. Ng'ombe nilimwona mkubwa mno kwa ardhi yetu, mbuzi nikaambiwa hawajui maana ya ua. Habari za kondoo nilizisoma karibu mwaka mzima. Nilijua kwamba maziwa yao yana mafuta asilimia sita hadi saba, kwamba lita tano au sita zinatoa kilo nzima ya jibini, wakati ya ng'ombe zinahitajika kama kumi. Mume wangu alicheka: "Nani aliwahi kukamua kondoo?" Nikamwambia Wafaransa wanatengeneza jibini yao ya Roquefort kwa maziwa ya kondoo matupu. Nilimchorea hadi ramani ya zizi. Mwishowe akakubali, nadhani kwa kunionea huruma.

Tulianza na majike watatu chotara wa East Friesian, aina ya kondoo wa maziwa. Leo wako tisa, kwa sababu kila akizaliwa jike nilikosa moyo wa kumuuza. Juu yao kuna dume tuliyemnunua akiwa yatima wa siku tatu, nikamlea kwa chupa.

Wakati wa maziwa nakamua mara mbili kwa siku, saa kumi na moja alfajiri na saa kumi na moja jioni, kwa mkono. Chuchu za kondoo ni fupi, hazijai kiganja, unakamua kwa gumba na vidole viwili. Kumpandisha jukwaani, kumfuta kiwele, kumkamua, kumshusha, kisha kuchuja, kupoza, kuosha vyombo: yote pamoja ni saa nne kila siku, Jumapili na sikukuu, niwe mzima au mgonjwa. Harusi ya mdogo wangu niliondoka kabla chakula hakijapakuliwa. Baba alipolazwa nilikaa naye usiku mmoja tu, nikarudi kwa kuwa viwele vilikuwa vinajaa.

Mume wangu si mvivu, nisije nikamsingizia. Ua wote ni kazi ya mikono yake. Ndiye anayewahamisha malishoni, anayekata kwato, anayekausha nyasi. Lakini hakamui. Mwaka juzi niliugua akanishikia siku tatu, akawa anaacha maziwa kiweleni, na jike mmoja akapata ugonjwa wa kiwele. Upande mmoja ulikufa mpaka leo. Tangu hapo sijamruhusu kugusa chuchu. Hata yeye anasema vidole vyake ni vinene.

Mwaka jana nilimpoteza Mwezi, jike wetu wa kwanza. Alidhoofika nikadhani ni umri. Maziwa yakapungua, kisha chini ya taya pakavimba kama mfuko wa maji. Nilipomfunua ukope, ndani palikuwa peupe kama karatasi. Minyoo. Alikufa usiku huo. Sijamwambia mtu yeyote kwamba siku mbili kabla nilikuwa nimeuona ule uvimbe, nikajiambia nitaushughulikia kesho kwa sababu nilikuwa nimechoka.

Halafu kuna madume wadogo. Kila mwaka watoto wanawapa majina, kila mwaka tunawachinja. Safari ya mwisho mwanangu mkubwa aliuliza mezani, "Huyu aliitwa nani?" Akasukuma sahani.

Sasa hivi kondoo wamekauka. Tuliacha kuwakamua mwezi mmoja uliopita na watazaa baada ya wiki tano. Mimi na wao tulishika mimba karibu siku zile zile. Kwa mwezi huu mmoja nimelala hadi kumekucha, nimewasimulia watoto hadithi, nimeenda kwa baba nikakaa siku nne. Nimegundua siutamani tena ule mlio wa maziwa ndani ya ndoo. Natamani tuwauze wote kabla hawajazaa. Muuguzi wa kliniki aliposikia nafuga kondoo alinionya nikae mbali nao wakizaa, ila hakufafanua, na mume wangu anasema wake wa wafugaji wamejifungua salama vizazi na vizazi.

Nilipomwambia tuuze hakupaza sauti. Alisema, "Ulinitoa kwenye maisha niliyoyajua ukanileta hapa kwa ajili ya kondoo. Nimewazoea, nimewapenda, kazi nimeijua. Sasa unaniambia tufunge virago?" Sikuwa na jibu, kwa sababu amesema kweli. Mama mkwe alitabiri tangu mwanzo kwamba mwaka hauishi tutakuwa tumerudi mjini, na sitaki kumpa furaha hiyo.

Na liko jingine ninaloona aibu kulisema: hatujitegemei. Chakula cha ziada cha wakati wa kukamua tunanunua, madini tunanunua, dawa tunanunua, nyasi zikikatika malishoni tunanunua pia.

Je, niwauze kondoo niitie ndoa yangu doa, au nivumilie kwa kuwa aliyeyataka haya ni mimi?

Mama Kondoo

* * *

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa mimba. Sikucheka. Nimekulia kwenye nyumba yenye mifugo, na najua kiwele hakijui harusi wala msiba.

Nikikusikia vizuri, umechoshwa na kazi uliyoichagua mwenyewe, na kwa kuwa uliichagua unadhani umepoteza haki ya kuchoka. Mwenzako aliyekuja akisuasua amefika mahali akapapenda, na unaogopa kumnyang'anya. Katikati ya hayo una mtoto tumboni, una baba mgonjwa, na una kondoo mmoja aliyekufa ambaye bado hujamzika moyoni. Nimehesabu pia mara ngapi umejitaja kwamba ndiwe uliyeyaanzisha yote. Tutarudi hapo.

Kwanza hili la muuguzi, maana wiki tano si nyingi, na hapa tu ndipo nitakuwa mkali. Alikuonya kwa haki. Viko vijidudu vinavyowafanya kondoo watupe mimba ambavyo vinaweza kumdhuru vivyo hivyo mwanamke mjamzito na mtoto aliye tumboni: klamidia ya kondoo, toksoplasma, listeria, na kile kinacholeta homa ya Q. Vinakaa kwenye kondo la nyuma, kwenye maji ya uzazi na damu, kwenye matandiko ya zizi na kwenye manyoya ya mtoto aliyetoka kuzaliwa. Jike anaweza kuvibeba huku anakula na kutembea kama mzima. Kwa hiyo usizalishe kondoo, usibebe mwanakondoo mchanga kumleta jikoni apate joto, usifue nguo wala kuosha buti alizovaa mumeo zizini. Avue nje, aoge, ndipo akuguse wewe au sahani. Na wajawazito hushauriwa wasikamue majike waliozaa karibuni, jambo ambalo pengine hukulitarajia. Ukipata homa wakati wowote, neno la kwanza kumwambia daktari liwe kwamba unaishi na kondoo.

Mumeo anaposema wake wa wafugaji walijifungua salama, ni kweli wengi walijifungua salama. Waliopoteza mimba hakuna aliyekwenda kuwauliza walishika nini wiki ile. Mwombe muende kliniki pamoja, ayasikie haya kwa mtu ambaye si mkewe.

Na yule dume wa chupa usiingie zizini kwake. Dume aliyelelewa na binadamu hana woga na binadamu, na kichwa chake kinafika usawa wa tumbo lako.

Sasa tazama hilo limefanya nini kwenye swali lako. Uliniuliza uuze au uvumilie. Lakini msimu huu, kwa miezi ya mwanzo angalau, kukamua si kazi yako tena, uuze usiuze. Kama kondoo wanabaki, kuna mtu mwingine atakayekaa kwenye kile kigoda. Nani?

Hapo ndipo nataka nikuulize jambo, nalo usilichukulie vibaya. Unasema mumeo hakamui. Halafu unasema hujamruhusu. Yapi yalianza? Alipewa kondoo wote siku tatu, mkewe akiwa kitandani na homa, bila mtu wa kumwonyesha, akakosea kosa ambalo karibu kila anayejifunza hulikosea: kuacha maziwa akidhani yamekwisha, kumbe kondoo huhitaji kiwele kipapaswe na kusukumwa kidogo, kama anavyofanya mtoto wake kwa pua, ndipo yaliyobaki yashuke. Wewe mwenyewe mwaka wa kwanza hukukosea? Vidole vinene vinazoea. Na ikiwa haviwezi kabisa, zipo mashine ndogo za ndoo zinazokamua kondoo wawili kwa pamoja, ingawa mashine isiyooshwa vizuri au yenye mvuto uliopita kiasi nayo huleta ugonjwa wa kiwele, kwa hiyo msije mkaibadili kazi moja kwa nyingine. Mfundishe ukiwa umekaa nje ya ua, kwa maneno. Michirizo ya kwanza aitoe kwenye kikombe cheusi aangalie mabonge, akimaliza achovye chuchu kwenye dawa. Kama mna shaka na kiwele, daktari wa mifugo atawapa kile kipimo cha matone kinachoganda maziwa yakiwa na kasoro.

Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mumeo anawapenda kondoo wa malishoni, wanaomfuata akipiga mluzi. Kondoo wa saa kumi na moja alfajiri hajaonana naye. Huenda akionana naye ataendelea kumpenda, nawe utakuwa umepata mwenzako. Huenda baada ya wiki mbili yeye mwenyewe akasema tisa ni wengi. Sijui litakuwa lipi, ila vyovyote itakavyokuwa mtakuwa mnazungumza juu ya kitu kimoja, tofauti na sasa.

Hatari yake ipo. Ukimwachia yote peke yake, pamoja na kuzalisha, unaweza kumhamishia uchovu wako mzima mzima, akaja kuvunjika miezi ya mwisho ya mimba yako, wakati unamhitaji kuliko kondoo wanavyomhitaji.

Ndiyo maana nataka tuangalie kama kazi yenyewe lazima iwe kubwa hivyo. Mnakamua kama shamba la biashara. Mara mbili kwa siku, majike tisa, na nyumbani mko wanne. Chotara wa aina yenu akilishwa vizuri hatoi chini ya lita moja kwa siku miezi yake ya mwanzo, wengine mbili na zaidi. Fanya hesabu uniambie nani anakunywa yote hayo. Najua nyingi huwa jibini, lakini ni jibini ya nani, na ni nani anaipindua usiku?

Hebu fikiria njia ambayo wafugaji wengi wadogo huitumia. Wanakondoo wabaki na mama zao. Wakifikisha wiki mbili au zaidi, wawe wanatengwa jioni kwenye kizimba cha jirani, waonane kwa macho na pua, wawe na maji na chakula kidogo. Asubuhi majike wanakamuliwa mara moja, kisha watoto wanarudishiwa mama zao mchana kutwa. Kazi ya jioni imekufa. Na uzuri wake mkubwa ni huu: siku mkitaka kusafiri, usiku huo hamuwatengi. Watoto wanakamua kwa niaba yenu. Harusi, hospitali, msiba, utaondoka na kurudi, na viwele vitakuwa salama.

Gharama yake uijue mapema ili usije ukanilaumu. Maziwa ya ndoo yatapungua, tena yatakuwa mepesi. Jike anayenyonyesha hubana; huteremsha maziwa ya juu kwa mkamuaji na kuficha yale yenye mafuta kwa ajili ya mwanawe. Jibini yako itapungua uzito na utamu kwa wiki kadhaa, mpaka watoto waachishwe. Kwa mtu aliyevutwa kwenye kazi hii na ile asilimia saba, najua inauma kidogo.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, mnaweza mwaka huu msikamue kabisa. Watoto wanyonye hadi waachishwe, basi. Kwa jike mwenye maziwa mengi na mtoto mmoja tu itabidi apunguzwe siku za mwanzo kiwele kisije kikapasuka kwa maumivu, na chakula chake kisiwe cha kumchochea maziwa. Mwaka wa mapumziko haumharibu kondoo. Utawakuta mwakani.

Weka kalenda mezani. Watazaa wiki tano zijazo. Wewe utajifungua kama miezi minne baada yao. Wakati huo kilele cha maziwa kitakuwa kimepita, na mkitaka mnaweza kuwa mmeshawakausha wote kabla uchungu haujakushika. Sijui kama umewahi kuipanga miezi yako na yao kwenye karatasi moja. Nadhani umekuwa ukiiona kama ukuta mmoja usio na mwisho, na mtu mchovu huona hivyo.

Kuuza nako ni njia, sikatai. Ila kuuza sasa, wakiwa wamebakiza wiki tano, kuna ubaya wake. Safari, kubadilishiwa malisho na kukosa kula hata siku moja au mbili vinaweza kumwangusha jike mwenye mapacha. Mwili wake huanza kula mafuta yake wenyewe na kujitia sumu. (Mumeo ajue dalili hata mkiwabakiza: jike anajitenga, anakataa chakula, anatembea kama kipofu. Huyo ni wa daktari siku hiyo hiyo.) Tena mnunuzi anayemchukua jike mzito kwa haraka mara nyingi anajua una haraka. Kuuza baada ya kuzaa, mama na mtoto wake wakiwa na wiki kadhaa, huwa salama zaidi kwao na kwa heshima yenu. Na kati ya tisa na sifuri kuna namba nyingi, mwanangu. Watatu ni kundi. Wanne ni kundi. Mmoja peke yake usimwache, kondoo wa peke yake hukonda kwa upweke. Lakini ukiwabakiza watatu wenye viwele vizuri na tabia ya upole, nyumba yenu ina maziwa, mumeo ana watu wa kupigia mluzi, na zile saa nne zinakaribia kuwa moja. Kumwondoa dume nako kungefaa kwa sababu nyingine: kama ni huyo huyo tangu mwanzo, anawapanda binti zake sasa.

Ugumu wa njia hii ni kuchagua wa kuondoka, na wewe umeshaniambia kwamba huna moyo huo. Labda wakati huu mumeo ndiye achague. Labda hapo ndipo vidole vyake vinene vinahitajika.

Nirudi kwenye lile la kwamba wewe ndiye uliyeanzisha. Mumeo alisema ulimtoa kwenye maisha aliyoyajua. Ni neno zito na nina hakika lilimtoka kwa uchungu, lakini hukumbeba mgongoni. Alihama na miguu yake, akajenga ua kwa mikono yake, na miaka minne ni mirefu mno kwa mtu anayemhurumia mkewe tu. Nisingependa uilipe ile ramani ya zizi maisha yako yote. Vilevile nisingependa umsikie vibaya. Anapouliza "tufunge virago?" pengine hazungumzii kondoo. Mtu aliyeacha ofisi akawa mfugaji, ukimwondolea mifugo anabaki nani asubuhi? Umewahi kumuuliza ni kipi hasa anachokipenda, kondoo wenyewe au yule mtu aliyekuwa kwa sababu yao? Majibu ya maswali hayo mawili yanaelekea njia tofauti. Kama ni la pili, wapo hata kondoo wa nyama wasiohitaji kukamuliwa, na malisho yale yale, na mluzi ule ule.

Mama mkwe tumwache. Utabiri wake ulikuwa wa mwaka mmoja na umeshapita mara nne.

Kuhusu Mwezi, nitakwambia ninachokijua. Mnyoo ule mfyonza damu, Haemonchus, hukaa kwenye tumbo la nne la kondoo na humaliza damu kimyakimya. Uvimbe wa chini ya taya huonekana mambo yakiwa yameshafika mbali. Siku mbili zile labda zingemwokoa, labda zisingemwokoa. Sitakudanganya kwa upande wowote. Ninachoweza kusema ni kwamba mtu mmoja anayekamua saa nne kwa siku hawezi pia kuwa macho ya kundi zima. Kuna kadi ya rangi iitwayo FAMACHA, iliyobuniwa Afrika Kusini, unafunua ukope wa chini unalinganisha rangi, kutoka wekundu mpaka weupe, na unampa dawa yule tu anayehitaji, kwa sababu kuwapa wote kila mara ndiko kunakowafanya minyoo waizoee dawa. Mumeo aishike kadi hiyo, na aanze sasa, maana kinga ya jike hushuka siku za kuzaa na minyoo huzidi wakati huo huo. Na siku moja umwambie mumeo lile la kesho ambayo haikufika. Umelibeba peke yako mwaka mzima, nami sidhani kama alistahili kufichwa, naye alimpenda Mwezi.

Mwanao aliuliza swali la maana kuliko sote. Hakuna maziwa bila kuzaa, na takriban nusu ya wanaozaliwa ni madume. Hesabu hiyo hakuna mfugaji anayeikwepa, wala anayenunua jibini dukani. Huyo wa dukani amefanyiwa tu na mtu mwingine. Mnaweza kuwahasi na kuwauza wakishaachishwa, mkajua kwamba mnayafumba macho yenu na si ya kondoo. Mnaweza kuendelea kuwachinja na kumwambia mtoto ukweli kabla ya mezani. Wapo wanaokataza majina, sijui kama husaidia. Mimi ningemketisha kwanza nimuulize alichokiona, kisha ninyamaze. Mtoto wa miaka minane anayekataa sahani kwa siku kadhaa hajaharibika.

Halafu kujitegemea. Unaona aibu kwamba mnanunua madini na nyasi. Basi naomba mwendelee kununua, hasa madini, tena yale yaliyotengenezwa kwa kondoo, maana ya ng'ombe au kuku yana shaba ambayo ini la kondoo huihifadhi mpaka imuue. Nani alikwambia kujitegemea ni kutomhitaji mtu? Kama kuna jirani au kijana anayeweza kuja kukamua asubuhi mbili kwa wiki kwa kulipwa pesa au jibini, je, hapo shamba limekushinda, au limepata mtu wa pili? Nauliza tu. Nimeona kwenye barua yako yote hakuna mtu mwingine aliyewahi kuingia zizini isipokuwa ninyi wawili, na nikajiuliza ni nani aliyefunga lile lango.

Sikuambii uuze wala ubaki nao. Ningependa ukae na mumeo jioni moja kabla hawajazaa, na ile karatasi ya miezi, umweleze kwanza habari ya kliniki, kisha umuulize yeye angeupangaje msimu huu kama wewe usingekuwepo. Usimsaidie kujibu. Ukiona anakwama, mwache akwame kidogo.

Niandikie wanakondoo wakishazaliwa, nataka kujua ni wangapi na nani aliyekuwa zizini. Na kama kwenye friza kuna maziwa ya msimu uliopita yaliyogandishwa mabichi, baridi haiui brusela, kijidudu kingine kinachoweza kuwemo kwenye maziwa mabichi. Yapashe kwanza, nyuzi 63 za Selsiasi kwa dakika 30 au nyuzi 72 kwa sekunde 15, kabla hayajanywewa na yeyote nyumbani, na jibini laini iliyotoka kwenye maziwa mabichi msiile.